Jua Halikai Upande Mmoja: Maua Marefu kwa Tuta la Dar es Salaam

(Mazungumzo na wapenda bustani za nyumbani, Jumamosi ya kwanza ya Oktoba)

Ndugu Mwenyekiti, mama zetu, baba zetu, dada na kaka: assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na waliobaki, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie maua marefu, yale yanayopandwa nyuma ya tuta yakasimama juu ya mengine yote. Mwenyekiti aliponipigia simu aliitaja holihoki kwa jina, maana picha yake imezunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp. Mnaijua: nyumba ya mawe huko Uingereza, na pembeni ya mlango mashina yamenyooka kupita kimo cha mtu, maua yamejipanga kuanzia kiunoni hadi kileleni, mekundu, meupe, ya waridi, mengine meusi kama zambarau iliyoiva. Kila aliyeiona anauliza mbegu zake zinapatikana wapi.

Mbegu utazipata. Ua ndilo hutalipata. Nitaeleza sababu kwa ufupi, kisha twende kwenye kazi, kwa sababu hamkuacha shughuli zenu za Jumamosi mje kuvunjwa moyo.

Holihoki, ambayo wataalamu wanaiita Alcea rosea, ni mmea wa miaka miwili, au michache zaidi ukibahatika. Mwaka wa kwanza unakaa chini, majani mapana yamelala juu ya udongo. Kisha unapitiwa na miezi ya baridi kali, na baridi hiyo ndiyo inayouandaa kuchanua. Siku zinaporefuka baada ya hapo, shina linapanda haraka, mita mbili na zaidi, na maua yanafunguka kutoka chini kwenda juu. Zipo aina zilizozalishwa ili zichanue mwaka uleule wa kupandwa, ila nazo zimezoea mchana mrefu wa kwao. London mwezi Juni mchana unapita saa 16 na nusu. Desemba haufiki saa 8. Sisi tuko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta. Mchana wetu mrefu kuliko yote ni wa Desemba, kama saa 12 na nusu, na ule mfupi wa Juni unapungukiwa na saa 12 kwa robo saa hivi. Sasa mmea unaosubiri baridi, halafu usubiri siku ndefu, uje ukae Sinza au Mbagala! Utatoa majani, utatoa majani tena, halafu masika itaukuta na majani yake yenye manyoya, maji yatakaa, utaoza.

Ana nduguye mdogo, sidalsea, wa kimo cha kifuani, asili yake magharibi ya Marekani. Huyo naye anataka kiangazi chenye ubaridi. Msimhangaikie.

Na hata Ulaya kwenyewe holihoki haina raha sana. Mwaka 1873 ugonjwa wa kutu wenye asili ya Chile ulifika Uingereza, na tangu hapo majani yake ya chini hujaa vipele vya rangi ya chungwa. Nadhani ndiyo sababu picha zake nyingi hupigwa kuanzia kiunoni kwenda juu.

Mwenye ndugu ughaibuni anayetaka kumletea pakiti mfukoni, ajue kwamba mbegu za kutoka nje zina utaratibu wake: kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea. TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, ndio wa kuwauliza. Nalisema hili mapema ili asije mtu kuniambia hakusikia.

Sasa tuje kwenye jua, na hapa naomba mnisikilize kuliko sehemu nyingine yoyote, maana wengi wetu tumepanda kwa kufuata vitabu vya watu wengine. Kitabu cha Uingereza kinakuambia uweke maua marefu mbele ya ukuta unaotazama kusini, kwa sababu kule jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Kitabu cha kusini mwa Australia kitakuambia kaskazini, na kwao ni kweli vilevile. Dar es Salaam jua halikai upande mmoja. Linahama.

Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu tarehe 10 Oktoba, jua la mchana linapita juu ya utosi wetu. Kwa kuwa tuko Oktoba, tutatoka nje pamoja saa sita na robo, kila mtu aangalie kivuli chake, atakuta anakikanyaga. Kuanzia hapo hadi Machi jua la mchana litakuwa kusini yetu, lakini si mbali. Kuanzia Machi hadi Oktoba linakuwa kaskazini, na huko linakwenda mbali zaidi, na linakaa muda mrefu zaidi, miezi saba.

Chukua ukuta wa kawaida wa mita mbili unaokwenda mashariki hadi magharibi. Mwezi Juni mchana, kivuli chake kinaangukia upande wa kusini, karibu mita 1 na sentimita 20. Mwezi Desemba kinaangukia upande wa kaskazini, sentimita 60 tu. Mnaona tofauti? Mwenye tuta upande wa kaskazini wa ukuta, akiacha sentimita 60 za mwanzo ziwe njia ya kupita na mpira wa maji, mimea yake inapata jua la mchana mwaka mzima. Mwenye tuta upande wa kusini, tena ameubananisha mmea na ukuta, anapoteza sehemu kubwa ya jua kuanzia mwisho wa masika hadi Agosti, halafu anamlaumu kijana aliyemuuzia miche Barabara ya Bagamoyo.

Kama ukuta wako unakwenda kaskazini hadi kusini, hesabu ni nyingine. Upande wa mashariki unapata jua la asubuhi na upepo wa bahari. Mimi ningepanda huko nikiwa na hiari. Upande wa magharibi unachomwa kuanzia saa nane mpaka jua lizame, na tofali la saruji likishapata moto linaendelea kutoa joto usiku. Huko achia mimea migumu, na usogee mbali na ukuta.

Usichukue maneno yangu tu. Chukua vijiti, uvichomeke kwenye mpaka wa kivuli saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa, leo, kisha urudie Desemba na Juni. Nyumba ya jirani ya ghorofa, mwembe wa upande wa pili, tangi la maji lililoinuliwa juu ya nguzo, vyote vina vivuli vyao, na hakuna kitabu kinachovijua.

Haya, tumeshajua jua liko wapi. Tupande nini?

Holihoki ni wa ukoo wa bamia. Wengine mnacheka, lakini ndivyo ilivyo. Bamia, pamba, rozela, hibiskasi na mtakawa wa ufukweni wote ni ukoo mmoja, na tangu miaka ya mwisho ya 1990 wataalamu wa uainishaji wameingiza humo mbuyu, msufi, mkakao, mlenda, hata mduriani wa Unguja. Dalili utaiona kwa macho. Fungua ua la bamia: katikati kuna mrija mmoja uliosimama, na chavua imeshikilia kwenye mrija huo. Fungua ua la hibiskasi, ni hivyohivyo. Ule utelezi wa bamia na mlenda nao ni wa ukoo. Gome lao lina nyuzi; mtakawa umewapa watu wa pwani kamba, na jamaa za mlenda ndio wanaotoa nyuzi za jute za magunia.

Kwa hiyo anayelia kwamba hana holihoki, jikoni kwake ana binamu zake. Shida ni kwamba tumezoea kuwaona shambani na sokoni, si kwenye bustani ya maua. Na historia yetu imechangia. Wajerumani walipoanzisha Bustani ya Mimea mwaka 1893, hii iliyo karibu na Makumbusho ya Taifa, walikuwa wanajaribu mazao ya biashara. Pamba tuliijua kwa kiboko: mwaka 1905 Wamatumbi waling'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kuilima, na hapo ndipo vita vya Majimaji vilipoanzia. Nani baada ya hapo angekaa kulitazama ua lake? Na ua la pamba ni zuri jamani, leo rangi ya maziwa, kesho yake la waridi.

Nikiambiwa nichague mmoja wa kushika nafasi ya holihoki hapa Dar, nachagua rozela, ambayo wengine mnaiita choya. Mnaijua kwenye glasi, na barafu. Kwenye tuta shina lake ni jekundu, linafika mita mbili likipata udongo mzuri, na ua linatokea kwenye kila kikonyo cha jani, moja juu ya jingine, kama holihoki anavyopanga yake. Ua lenyewe ni la njano hafifu lenye jicho jekundu lililoiva katikati. Linafunguka asubuhi na kufumba siku hiyohiyo. Hapo ndipo watu wanakata tamaa, wakidhani limekwisha. Kumbe uzuri unaanza: kikombe kilichobaki kinanenepa, kinakuwa chekundu kinachong'aa, na shina zima linasimama hivyo kwa wiki kadhaa. Ukivichuma vikombe vikiwa laini, wiki mbili au tatu baada ya ua, una juisi. Majani machanga ni mboga yenye uchachu.

Siri ya rozela ni siku. Mchana ukiwa chini ya saa 13 inakimbilia kuchanua, na siku zetu hazifiki saa 13 hata Desemba. Ukiipanda Aprili, siku zinafupika, itachanua ikiwa bado fupi. Ipande sasa, vuli ikianza, siku bado zinarefuka, na uipe samadi tangu mwanzo ijenge shina kabla haijafikiria maua. Wakulima wanaitawanya ili kila mche uwe na matawi mengi. Sisi tunataka mnara, kwa hiyo tunafanya kinyume: miche mitano pamoja, nafasi ya sentimita 50 kati ya mmoja na mwingine, usikate ncha, na uondoe matawi ya pembeni yaliyo chini ya goti. Itashindania mwanga na kunyooka.

Bamia wa kawaida naye mnamdharau bure. Chagua aina ndefu, chuma matunda kila baada ya siku moja au mbili, maana tunda likikomaa mmea unapunguza maua. Ua lake, kwa maoni yangu, ndilo linalokaribiana zaidi na holihoki kwa sura. Jirani yangu mmoja alilisifu ukutani kwangu kwa kirefu, na sikuona haja ya kumwambia ni nini.

Kenafu ni wa tatu, na huyu anapita wote kwa urefu, mita tatu bila shida, na maua mapana ya krimu yenye kitovu cha damu ya mzee. Asili yake ni Afrika. Lakini nawatahadharisha: majani yake yamegawanyika vidole vidole, na kwa mbali yanafanana mno na bangi, hata jina lake la kitaalamu limebeba mfanano huo. Ukimpanda mbele ya nyumba inayoonekana barabarani, mwonyeshe mjumbe ua lake mapema. Au mpande uani uishi kwa amani.

Hao watatu ni wa msimu, tunawapanda upya. Anayetaka wa kudumu, kuna hibiskasi ya kwetu, Hibiscus schizopetalus, ambayo asili yake ni misitu ya pwani ya Kenya, Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Petali zake zimechanwachanwa na kujikunja kurudi juu, ua linaning'inia, na ule mrija wa ukoo unashuka chini mrefu kuliko ua lenyewe. Ulimwengu mzima wa joto wanaipanda. Sisi wenyewe tunaipita tukienda kununua mimea ya plastiki ya sebuleni. Inafika mita tatu, haisimami wima bali inajipinda, na inavumilia kivuli cha nusu siku. Kwa hiyo huyu ndiye wa wenye tuta upande wa kusini wa ukuta. Ndege chozi wataijua kabla ya majirani.

Mbele ya hawa wekeni zinia, mrehani, vinka, chochote kisichozidi goti, mradi tuta lenyewe liwe na upana wa mita moja na nusu. Msufi na mbuyu, pamoja na undugu wote, tafadhali, si kwenye tuta.

Udongo wetu mwingi ni mchanga, hasa ukielekea baharini. Maji unayomwaga asubuhi, jioni yameshashuka. Dawa ya watu wa pwani naiamini: makumbi ya nazi. Yaloweke, yasuuze kwa maji baridi mara kadhaa ili chumvi itoke, yatandike chini ya shimo kwenye kina cha sentimita 40, kisha rudisha udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Makumbi yanashika maji, mizizi inayafuata. Juu tandaza majani makavu au pumba za mpunga, ila usizigusishe na shina. Samadi ya kuku mbichi itaunguza miche, iache ioze. Urea nyingi inakupa shina laini lenye majani mengi, la kuangushwa na mvua ya kwanza kubwa.

Wanaotumia maji ya kisima, yaonje. Yakiwa na ladha ya chumvi, utaona kingo za majani zinakauka rangi ya kahawia. Mwagilia kwa wingi lakini si kila siku, kwenye shina na si kwenye majani, ili chumvi isukumwe chini. Ukimwagilia kidogo kidogo kila jioni unailimbikiza palepale juu. Masika itasafisha yaliyobaki.

Mianzi ya kuegemezea ichomekwe mapema, mche ukiwa bado haujafika goti, kabla mizizi haijatawanyika. Tunaopanda vuli tutakutana kwanza na kaskazi, kwa hiyo mwanzi ukae upande wa kaskazini-mashariki, upepo uusukume mmea kutoka kwenye mwanzi badala ya kuusugua nao. Aprili kusi ikishika, zunguka tuta lote ukague kamba. Kamba ya katani inatosha. Ifunge kwa umbo la nane, mzunguko mmoja kwenye mwanzi na mmoja kwenye shina, na uiache ilegee kidogo. Waya hapana.

Wadudu nitawapitia haraka. Kidung'ata, yule mweupe kama unga, anapenda hibiskasi kupita kiasi; mwondoe kwa mpira wa maji wenye nguvu, kisha maji ya sabuni jioni, na tawi lililojaa likate ulichome. Vidukari ni vivyo hivyo. Kangambili, wale wekundu wanaotembea wamebebana, wanafuata mbegu za ukoo huu wote, kwa hiyo usiache matunda ya bamia na rozela yakauke ovyo juu ya mmea. Na mizizi ikiwa na vinundu, hao ni minyoo fundo, wanaostawi kwenye mchanga. Hapo usirudishe bamia mwaka unaofuata, hamisha.

Kuna mama ameniuliza pale mlangoni kama anaweza kufanya haya yote kwenye nyumba ya kupanga, yenye sakafu ya saruji uwanja mzima. Mama yangu, unaweza. Ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini inatosha rozela mmoja, na ndoo ina faida ambayo sisi wenye matuta hatuna: jua likihama, unaihamisha. Iweke juu ya matofali isikae kwenye saruji ya moto, na mwagilia asubuhi kila siku, maana ndoo inakauka haraka. Bamia naye anakubali. Hibiskasi ni mkubwa kwa ndoo, utakuwa unamkatakata; kata mvua inapokaribia, kwani maua yake yanatoka kwenye matawi mapya.

Mbegu za rozela na za bamia ndefu ziko kwenye bahasha pale mezani. Zilowekwe usiku mmoja, zipandwe mbegu mbili mbili kwenye kiriba, na zikiota ubakize mche ulio imara. Zihamishwe zikiwa na majani manne halisi, jioni, baada ya mvua. Viriba vya hibiskasi ni vichache, naomba wenye tuta la upande wa kusini wa ukuta wachukue kwanza. Kama hujui ukuta wako unaelekea wapi, simu yako ina dira, na saa sita na robo inakaribia, tutoke.